Mume wangu anataka kuacha trela awe meneja wa binti yetu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa kumi na moja alfajiri, nimetoka zamu ya usiku na sare ya kazi sijaivua. Nafanya kazi katika makao ya wazee hapa Tennessee, kama dakika 40 kwa gari kutoka Nashville, mji wa muziki wa kantri. Mzee wangu ni dereva wa trela. Tulitoka Nakuru miaka 9 iliyopita, mwanambee wetu akiwa na miaka 3. Sasa ana miaka 12, na habari zake ndizo zilizoninyima usingizi.

Mama mkwe alipokuja kunisaidia kulea kitindamimba alikaa nasi miezi 6. Unawajua wazee wetu na nyimbo za kantri. Alikuwa akiosha vyombo anaimba za Jim Reeves, akikunja nguo anaimba za Skeeter Davis, na mtoto yuko nyuma yake na mwiko kama maikrofoni. Nyanya yake alirudi Nakuru, nyimbo zikabaki. Alipofika miaka 8 baba yake akamnunulia gitaa kuukuu la dola 60. Leo ukimshika mkono wa kushoto, ncha za vidole zimekuwa ngumu kama kisigino. Shuleni walimcheka, eti mtoto wa Kiafrika na nyimbo za Wazungu wa mashambani. Hakuacha.

Agosti iliyopita alishinda shindano la kuimba kwenye maonyesho ya kaunti yetu, akapewa utepe na dola 500. Mtu fulani akarekodi video akaiweka mtandaoni, ikatazamwa na watu wengi sana. Tangu hapo hatuna wikendi. Ijumaa anaimba mkahawani, Jumamosi kwenye harusi, Jumapili kanisani na baadaye kwenye sherehe ya mtu.

Sasa kuna bwana mmoja wa Nashville ametuletea mkataba wa kurasa 14. Ni wa miaka 7. Yeye atachukua asilimia 25 ya kila senti mtoto atakayopata kwa kuimba, na naona kama ataendelea kuchukua hata mkataba ukiisha. Sisi tulipe dola 12,000 za kurekodi nyimbo 5. Mtoto atolewe shule asomee nyumbani ili awe huru kusafiri. Anataka saini kabla ya mwisho wa mwezi.

Mume wangu anataka kusaini. Anataka pia kuacha trela awe meneja pamoja na huyo bwana, tukope kwa dhamana ya nyumba, na mtoto "atarudisha yote mwaka mmoja tu". Kanisani wameshaanza kumwita Baba Nyota. Nikisema tungoje, ananijibu, "Chelewa chelewa utampata mwana si wako." Si mtu mbaya, Shangazi. Aliwahi kuendesha usiku kucha kutoka Ohio ili amsikie binti yake akiimba wimbo mmoja.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunarudi nyumbani karibu saa sita usiku, shoo ya tatu katika siku mbili. Mtoto alikuwa amelala kiti cha nyuma na buti zake za kikauboi miguuni. Nikadhani yuko usingizini kabisa. Mara akaniuliza, "Mama, baba akiacha trela halafu mimi niumwe koo, nani atalipa nyumba?"

Nilimwambia alale. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Naogopa kusaini, na naogopa vilevile siku atakayoniambia nilimfungia mlango. Nifanye nini?

Mama wa Mwanambee, Tennessee

* * *

Marahaba, mama. Pole na zamu, na pole na mzigo huo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye kiti cha nyuma. Mtoto wa miaka 12 ameshapiga hesabu ya nyumba yenu na kuona kwamba imesimama juu ya koo lake. Kwa hiyo nitakujibu wazi tangu mwanzo. Mwacheni aimbe. Mkataba huo msiusaini. Na mzee wako asishuke kwenye trela.

Hilo la tatu ndilo zito, kwa sababu mkataba mbaya wakili anaweza kuurekebisha. Lakini siku baba atakapoanza kula kwa sauti ya binti yake, mtoto hatakuwa na mahali pa kusema "leo sitaki". Atamwambia nani? Meneja ni baba, na baba ana deni la nyumba.

Nalijua jambo hili kwa karibu. Binamu yangu alikuwa mwanasarakasi kwenye mahoteli ya Pwani akiwa na umri kama wa binti yako. Watalii walimpenda, na pesa zake zililipa karo ya watoto wanne, mimi nikiwa mmoja wao. Alipovunjika mkono, nakumbuka tulivyokaa sebuleni usiku ule. Watu wazima walianza kuzungumzia karo kabla hawajauzungumzia mkono. Yeye alikuwa palepale, mkono kwenye kitambaa, akasema, "Samahani." Mtoto wa miaka 12 aliomba radhi kwa kuvunjika mkono. Hakuna aliyekuwa mkatili nyumbani mwetu. Tulikuwa tumemzoea tu kuwa nguzo.

Huko kwenye kantri hadithi hii ni ya zamani. Brenda Lee wa Georgia alifiwa na baba mwaka 1953 akiwa na miaka 8, na alipofika miaka 10 yeye ndiye aliyekuwa akiilisha familia kwa kuimba. Mwaka 1955 aliacha dola 30 za kuimba redioni ili aende Augusta kumsikiliza mwimbaji Red Foley, wakampandisha jukwaani, na maisha yake yakageuka usiku huohuo. Dola 30 kwa familia ile zilikuwa chakula. Alifanikiwa kupita kiasi. Wimbo wa Krismasi aliourekodi mwaka 1958 akiwa na miaka 13 ulifika nambari 1 Marekani Desemba 2023, naye ana miaka 78. Lakini yeye alibeba nyumba kwa sababu baba alikuwa kaburini. Binti yako ana baba mzima, mwenye leseni ya trela na nguvu za kuendesha usiku kucha kutoka Ohio.

Halafu kuna LeAnn Rimes, na huyu nataka mzee wako asome habari zake kwa utulivu. Alitoka na wimbo uliomfanya nyota mwaka 1996 akiwa na miaka 13, na mwaka uliofuata akachukua tuzo mbili za muziki za Grammy. Baba yake alikuwa akisimamia kazi yake na kutengeneza rekodi zake. Mwaka 2000, binti akiwa bado na miaka 17, wakafikishana mahakamani. Binti alidai kwamba baba yake na meneja mwenzake walichukua zaidi ya dola milioni 7 za jasho lake. Akaingia pia vitani na kampuni ya kurekodi, kwa sababu ya mkataba uliomfunga tangu akiwa na miaka 12. Kesi ziliisha kwa maafikiano, na baba na binti walipatana baadaye. Mimi sijui nani alikuwa na haki kwa kila dola. Ninachokiona ni mtoto aliyelazimika kuzungumza na baba yake kupitia mawakili.

Si kila baba meneja huishia mahakamani, na nisingekutendea haki nikikuficha. Tanya Tucker alivuma mwaka 1972 akiwa na miaka 13, baba yake Beau akiwa ndiye anayemsimamia, na walikuwa pamoja miaka mingi. Ila hata yeye ulevi na dawa za kulevya vilimpata, na mwaka 1988 familia yake ikamfikisha kwenye matibabu. Alikuja kupata Grammy zake za kwanza mwaka 2020, akiwa na miaka 61. Ukipenda msemo wa mume wako kuhusu kuchelewa, mweleze habari hiyo.

Sasa tuje kwa Dolly Parton, malkia wa kantri, maana nyanya wa Nakuru bila shaka anamjua. Nyumbani kwao Tennessee, milimani mashariki mwa hapo mlipo, walikuwa watoto 12, na umaskini wao ulikuwa wa kweli. Baba yake alikuwa mkulima asiyejua kusoma. Akiwa na miaka 10 Dolly alikuwa anaimba kwenye vipindi vya redio na televisheni vya mji wa Knoxville. Akiwa na miaka 13, mwaka 1959, alisimama kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, kile kipindi maarufu cha kantri cha Nashville. Kama kuna nyumba iliyokuwa na sababu ya kumtoa mtoto shule ili akachume, ni ile. Hawakumtoa. Mjomba wake Bill Owens ndiye aliyekuwa akimzungusha na gitaa. Baba aliendelea na kazi zake. Dolly akamaliza sekondari mwaka 1964, wa kwanza katika familia yao, na kesho yake akapanda basi kwenda Nashville. Kesho yake, mama! Tangu aliposimama kwenye Opry hadi siku ile ilikuwa miaka 5, na Nashville ilikuwa bado ipo.

Hata Taylor Swift, aliyeanzia kwenye kantri, alipata mkataba wa majaribio na kampuni kubwa akiwa na miaka 13, akauacha baada ya muda kwa sababu haukumfaa. Familia yake ilipohamia karibu na Nashville, baba yake alihamisha kazi yake ya mambo ya hisa akaendelea nayo huko. Najua hao walikuwa na uwezo, na baadaye baba alinunua hisa kidogo katika kampuni iliyorekodi nyimbo za binti yake. Lakini ule ujasiri wa kusema "hapana, asante" kwa kampuni kubwa hutoka mahali ambapo chakula cha jioni hakitegemei jibu.

Turudi kwenye hizo kurasa 14. Dola 12,000 kwanza. Meneja wa kweli hula mtoto akila: huchukua asilimia 15 au 20 ya kinachoingia, na kisipoingia, hamkosi usingizi peke yenu. Anayetaka mlipe kabla, mapato yake ni ninyi. Nashville ina studio nyingi zinazoishi kwa pesa za wazazi wenye watoto wanaoimba vizuri, na nyimbo 5 zikirekodiwa vizuri kiasi gani, hazina pa kwenda kama hakuna anayezipeleka. Asilimia 25 ni kubwa. Hilo la kuendelea kuchukua baada ya mkataba kuisha lipo kwenye mikataba mingi, lakini ya haki hupungua mwaka hadi mwaka na kukoma. Likiwa halina kikomo, binti yako atakuwa na watoto wake mwenyewe na bado analipa. Na huo mwisho wa mwezi ni wake yeye, si wenu.

Kuna jambo lingine wazazi wengi hawaambiwi. Kwa kawaida mkataba wa mtu aliye chini ya miaka 18 anaweza kuukana. Kwa sababu hiyo kampuni hupenda kuupeleka mbele ya hakimu auidhinishe, na ukishaidhinishwa mlango huo unafungwa. Tennessee ina sheria yake kuhusu watoto wasanii, na hakimu anaweza kuagiza sehemu ya mapato iwekwe kando mpaka mtoto akue. California iliweka sheria kama hiyo mwaka 1939, baada ya Jackie Coogan, mtoto aliyekuwa nyota wa filamu, kufikia utu uzima akakuta mamilioni yake yameliwa na mama yake na baba wa kambo. Kule ni angalau asilimia 15. Kama siku moja mtafika mbele ya hakimu na mkataba ulio mzuri, ninyi ombeni zaidi ya hapo. Ninyi mna mishahara, kwa nini msimwekee karibu yote? Na msitegemee sheria ya kazi ya taifa zima imlinde, kwa sababu makatazo yake ya ajira ya watoto hayawagusi wasanii wa redio, televisheni, filamu na jukwaa.

Kwa hiyo tafuteni wakili wa mambo ya muziki, wenu wenyewe, asiwe wa kuletwa na huyo bwana. Nashville wamejaa, na wapo wanaojitolea kwa wasanii wasio na pesa. Atasoma kurasa 14 kwa bei ndogo sana ukilinganisha na dola 12,000.

Shule asitoke. Na shoo tatu kwa siku mbili ni nyingi mno kwa koo la miaka 12. Billy Gilman, mwimbaji wa kantri, alivuma mwaka 2000 akiwa na miaka 12, halafu sauti ikavunjika kama ya kila mvulana, akalazimika kunyamaza kwa muda. Sauti ya msichana haibadiliki kwa kishindo hicho, lakini inabadilika. Mtafutie mwalimu wa sauti. Shoo moja kwa wiki yatosha, na wiki ya mtihani hakuna.

Kuhusu waliomcheka shuleni, mkae naye chini mumweleze. Banjo, ile ala ya nyuzi ya kwenye kantri, ina asili ya Afrika, ilivuka bahari na waliotekwa utumwani. DeFord Bailey, mtu mweusi mpiga kinanda cha mdomo wa Tennessee hiyohiyo, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo kabisa wa Grand Ole Opry miaka ya 1920. Linda Martell, mwanamke mweusi, aliimba pale mwaka 1969. Binti yako hajaazima muziki wa mtu.

Sasa mzee wako. Usimwendee na karatasi ya makosa ya mkataba, atasikia unamwita mjinga. Mwendee na swali la mtoto, kwa maneno yaleyale aliyoyasema, na umweleze alikuwa amelala na buti. Nadhani hajalisikia, vinginevyo ungeniambia alijibu nini. Halafu mwambie kuhusu msemo wake. Chelewa chelewa utampata mwana si wako: naye anaogopa kumpoteza, nawe pia. Ila mwana anakuwa si wako pia kwa njia hii ya pili, pale anapokutazama usoni baada ya shoo kuona kama pesa zimetosha. Mume wako ana kitu ambacho meneja yeyote hawezi kumpa huyo mtoto. Aliendesha usiku kucha ili amsikie wimbo mmoja, wala hakuwa na asilimia yoyote ndani yake. Abaki hapo. Ajifunze mambo ya muziki, amsindikize, asome kila karatasi, agombane na wenye mikahawa wanaochelewesha malipo. Mshahara wake utoke kwenye trela.

Ule mlango unaouogopa, mama, wewe hujaufunga. Muulize binti yako anachotaka, baba yake akiwepo, na mkubaliane kabla kwamba jibu lolote atakalotoa hakuna atakayenuna. Huenda akataka kuimba zaidi. Huenda akataka Jumamosi moja ya kulala mpaka saa nne.

Lakini kabla ya wakili na kabla ya mazungumzo hayo, leo jioni kabla hujatoka kwenda zamu, ingia chumbani kwake umpe jibu lake. Mwambie nyumba italipwa na mama na baba, koo likiuma na lisipouma. Halafu niandikie tena wakili akishasoma.

Shangazi